Diski za Seva Zisomwe Kama Jokofu la Chanjo

Asubuhi na jioni, muuguzi hufika kwenye jokofu la chanjo, husoma kipimajoto na kuandika kiwango kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, hutoa taarifa. Hakuna anayemtaka awe fundi wa majokofu. Seva inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, pengine katika chumba cha jirani, ni nadra kuwa na karatasi ya namna hiyo.

Katika mji kama Masumbwe, wilayani Mbogwe, upungufu huo ni mzito. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huhama kila rashi mpya inapoibuka. Vumbi la miamba yenye silika huwaongezea hatari ya kifua kikuu, na matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Mchimbaji aliyeanza dozi Masumbwe huweza kujikuta Nyarugusu au Kakola kabla hajaimaliza, kadi imelowa au imepotea. Ikiwa kituo alichoanzia hutunza taarifa kwenye seva yake chenyewe, historia ya tiba yake imo ndani ya diski hizo.

Kwa mpango mzuri, diski huwa mbili zinazoandika jambo lilelile. Moja ikifa, ya pili huendelea na kazi, na karani wa mapokezi haoni tofauti yoyote. Hapo ndipo penye hatari: kama shinikizo la damu, hitilafu hiyo haina maumivu. Programu huweza kutuma onyo kwa barua pepe, lakini mara nyingi onyo huangukia kisanduku kisichofunguliwa na mtu.

Katika seva ya Linux inayotumia mdadm, hali halisi hupatikana kwa kuchapa amri moja: cat /proc/mdstat. Zikionekana herufi UU, diski zote mbili zimo kazini. Ikionekana U_ au _U, moja imetoka. Wapo wanaosema kazi hii si ya muuguzi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kusoma kungekuwa sawa na kutengeneza. Amri hii haibadilishi chochote, na kwa kawaida haihitaji nywila ya msimamizi.

Kubadilisha diski ni jambo jingine, naye fundi aachiwe. Hata yeye asichomoe kitu kabla ya kulinganisha namba ya diski inayosomwa na kompyuta na ile iliyobandikwa juu yake. Akikosea akatoa nzima, yanayobaki ni yale ya daktari aliyepasua mguu usio na ugonjwa. Wala diski pacha si nakala rudufu. Karani akifuta jalada kwa bahati mbaya, hufutika kotekote papo hapo. Nakala ya kweli hukaa mahali pengine.

Jambo moja husahaulika. Matoleo mengi ya Debian hupangwa kukagua diski zote kuanzia mwanzo hadi mwisho kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kama saa saba usiku. Kituo kinachozima seva jioni ya Jumamosi ili kuinusuru na umeme unaokatika hukosa ukaguzi huo mwezi baada ya mwezi. Saa hiyo hubadilishwa kwa urahisi: Jumatano mchana, jenereta likiwa na mafuta, inatosha.