Anabonyeza Tu

Kijana wa Dar aliyesoma akimwona mtu amesimama jukwaani na kompyuta, husema kwa kujiamini kabisa: "Huyo hapigi kitu. Anabonyeza tu." Nimeisikia kauli hiyo kwenye daladala, kwenye foleni ya kuingia tamashani, na juzi kwa rafiki yangu ambaye kazi yake mwenyewe ni kubonyeza kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwisho wa mwezi analipwa, na hakuna anayemwambia kwamba hafanyi kazi.

Nagombana na kauli hii kwa sababu ina gharama, na anayeilipa ni prodyuza wa singeli.

Kweli, zipo shoo ambazo mtu anabonyeza tu. Mwaka 2012 deadmau5, prodyuza wa Kanada, aliandika waziwazi kwamba wakubwa wa muziki wa elektroniki, yeye akiwemo, wakifika jukwaani wanabonyeza kitufe muziki uanze. Watu walikasirika, lakini alikuwa anaeleza jinsi mitambo inavyofanya kazi. Kwenye matamasha makubwa ya Ulaya na Marekani, ukitaka taa, video, moto na moshi vitokee katika sekunde ileile ambayo ngoma inaanguka, njia rahisi ni kuvifunga vyote kwenye saa moja ya kompyuta. Taa zimepangiwa, moto umepangiwa, na msanii naye kapangiwa. Watu elfu hamsini wakitaka kipande fulani kiendelee dakika moja zaidi, hana la kuwafanyia.

Na bado hao tunawaheshimu. Daft Punk walipopanda Coachella mwaka 2006 walikuwa juu ya piramidi la taa, wamevaa kofia za roboti, na mikono yao haikuonekana vizuri. Kraftwerk wa Ujerumani wamewahi kuweka jukwaani masanamu yanayofanana nao, yacheze badala yao. Watu wanalipa kiingilio, wanapiga makofi, wahakiki wanaandika vitabu. Ila kijana wa Mburahati akifungua kompyuta yake, ghafla sote tunakuwa wakaguzi wa nani anapiga na nani habonyezi.

Basi nenda kwenye kigodoro umtazame. Usimtazame MC, utamtazama siku nyingine. Mtazame aliyekaa kando ya spika, chini ya turubai, amekunja mgongo.

House ya Chicago hutembea kwa mapigo kama 120 au 130 kwa dakika. Singeli huvuka 200 kwa raha zake, na nyingine hukaribia 300. Kwa kasi hiyo, kuchelewa kidogo tu kunatosha kuwakwaza wachezaji wote. Biti yenyewe ni vipande: sekunde mbili za kinanda cha taarab, ngoma, king'ora, kicheko cha mtu. MC anaweza kuongea dakika ishirini bila kupumzika, na hakuna anayejua ataishia wapi, kwa sababu hilo linategemea nani anainuka kwenda kutunza. Prodyuza anamwona mama mkubwa wa bibi harusi akiinuka na noti mkononi. Anakizungusha kipande kilekile mpaka mama afike mbele. Halafu anakata ngoma, anabakiza kinanda peke yake ili jina la mama lisikike mtaa mzima, na jina likishatajwa anairudisha ngoma, mara hii kwa kasi zaidi. Wanawake wanapiga kelele. Kazi yote hiyo inafanywa na vidole viwili vitatu kwenye kibodi ya kawaida, pengine herufi mbili zimeshang'oka. Hapo hakuna taa zilizopangwa wala moto. Kuna watu, na kuna mtu anayewasoma.

Kama huko si kupiga muziki, nielezwe kupiga ni nini. (Wazee wa mchiriku walishapitia haya. Waliambiwa kile kinanda kidogo cha Casio ni mdoli wa watoto, kisha Jagwa Music wakazunguka nacho Ulaya.)

Wakati huohuo, kitu tunachokiita "laivu" hapa nyumbani mara nyingi ni mwimbaji aliyeshika maikrofoni juu ya wimbo ambao sauti yake tayari imo. Anaruka mstari mmoja, sauti inaendelea bila yeye. Anapaza "mikono juu!", tunainua. Huyo ndiye tunayempa jina la mwanamuziki wa jukwaani, kwa kuwa jasho lake linaonekana.

Matokeo yake yako kwenye mabango. Jina la MC limejaa karatasi nzima, chini yake kuna ukumbi, kiingilio, namba ya kupiga. Prodyuza hayupo. Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya harusi moja. Tulijadili malipo ya MC, ya mpambaji, ya mpiga picha, hata ya mlinzi wa viti. Nilipouliza kuhusu mtu wa biti, nikajibiwa kwamba huyo anakuja na MC, watajuana wenyewe. Usiku ule noti zote zilibandikwa kwenye paji la uso la MC. Studio nako ni vilevile: biti inauzwa mara moja, mkono kwa mkono, na ikishavuma mtaani haina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa muziki, lakini sheria haiji kigodoroni kuuliza mtunzi ni yupi.

Nani basi aliyeandika majina yao? Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotoka studio ya Sisso pale Mburahati. Mwaka 2019 zikafuata albamu za Jay Mitta, Tatizo Pesa, na Duke, Uingizaji Hewa. Mwaka 2022 DJ Travella akaja na Mr Mixondo. Mwaka 2024 ikatoka Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko. Angalia: jina la jalada ni la prodyuza. Na wakipanda jukwaani Ulaya, watu wanasimama wakiitazama meza.

Siwasifu Wazungu. Wao wana uziwi wao: wanacheza kasi na kukosa mchezo wa maneno, kijembe cha mwenye nyumba, salamu za Tandale. Shoo yao inaanza saa nne na kwisha saa tano kama ratiba ya meli, na hakuna mama mkubwa wa kusubiriwa. Lakini jina wameliandika, nasi hatukuliandika, na studio ipo mwendo wa bodaboda kutoka kwetu.

Najua nitajibiwa kwamba singeli ni maneno, na kwamba bila Msaga Sumu na wenzake tusingekuwa hapa. Sawa. Ila mwondoe mtu wa biti, MC anabaki mshenga mwenye haraka.

Ninachodai hakihitaji wizara. Bango liwe na majina mawili, kwa herufi za ukubwa mmoja. Kamati ya harusi itenge fungu la prodyuza kabla ya fungu la puto. Meza yake itolewe nyuma ya spika, iwekwe mbele, watu waione mikono yake. Noti ya pili ibandikwe kwenye kompyuta. Na kama huna noti, msogelee umwashie tochi ya simu, maana mara nyingi anazitafuta zile herufi zilizong'oka gizani.