Tusimkumbuke Mchezaji kwa Mdomo Tu



Wiki iliyopita, saa ya chakula cha mchana karakanani, palizuka mabishano makubwa juu ya mpira. Vijana walikuwa wakitaja wachezaji wa Ulaya wanaowaona katika televisheni, huyu akimsifu wake na yule wake. Alikuwapo mzee mmoja mstaafu, zamani gadi wa gari la moshi, ambaye alikuja kuulizia karatasi zake. Aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Ninyi hamkumwona Kadenge." Basi mabishano yakaisha, sisi sote tukawa wasikilizaji.

Kweli hatukumwona. Wengi wetu tulizaliwa miaka mingi baada ya Joe Kadenge kuacha kucheza. Lakini ni nani katika Kenya asiyejua maneno "Kadenge na mpira"? Yalitoka redioni, na watu wengi humtaja marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, kuwa ndiye aliyeyatia masikioni mwa nchi nzima. Mzee alitueleza kwamba siku hizo alikuwa kijana mwajiriwa mpya, akikaa katika nyumba za reli Muthurwa. Akipata nafasi alikwenda kiwanjani kwa miguu. Akiwa hana senti, alisimama na wenzake mlangoni mwa duka lenye redio. Ikiwa zamu imemwangukia, alimwomba mwenzake wabadilishane, naye alilipa deni hilo kwa zamu ya usiku.

Alisema, "Beki anageuka kumtafuta, kumbe amekwisha kupita. Na watoto wa landhi wakipiga mpira wa matambara, kila mmoja alikuwa Kadenge. Golikipa hakupatikana."

Tulicheka sana. Tena mzee huyu si shabiki wa timu ile! Yeye ni wa upande wa pili kabisa, na mpaka leo ukimtajia Leopards anakunja uso. Lakini kwa Kadenge hana ubishi.

Twataka kusema mambo mawili juu ya kumbukumbu hizo, maana zina mafundisho kwa chama.

La kwanza ni umoja. Kadenge alichezea Maragoli United. Mwaka 1964 vilabu kadhaa vya Waluhya, vilivyokuwa kila kimoja na jina lake na viongozi wake, viliungana kuwa Abaluhya United, klabu ambayo tangu 1980 yaitwa AFC Leopards. Haikosi palikuwa na wenyeviti walioona uchungu kuacha viti vyao. Lakini mwaka 1966 Abaluhya walikuwa mabingwa wa Kenya. Matawi yetu yanayogombania mhuri na funguo za ofisi yafaa yatazame hapo.

La pili ni zito zaidi. Kadenge alipokwisha kucheza aliendesha teksi hapa Nairobi kwa miaka mingi. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Kuendesha teksi ni kazi ya halali, na mtu anayekula jasho lake anastahili heshima. Mwaka 2002 aliitwa tena kuifundisha timu ya taifa, naye akaitika. Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na maradhi, akafariki tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84. Alipofariki, sifa zilijaa redioni na magazetini, na ilitangazwa kwamba kiwanja cha City Stadium kitapewa jina lake. Ni vizuri. Lakini jina juu ya lango halimnunulii mgonjwa dawa.

Wachezaji wa wakati ule hawakuwa na mshahara wa mpira wa kumwekea mtu akiba. Walifanya kazi mchana, wakafanya mazoezi jioni. Nchi nzima ilishangilia, kisha kila mtu akaenda nyumbani kwake. Hata Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, wakati wao walikuwa tayari wamo kiwanjani, nayo huwekewa fedha za mshahara, si za makofi.

Msidhani jambo hili ni la zamani. Twamjua kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, aliyevunjika mguu akichezea timu ya mahali pake pa kazi. Jezi alipewa na wakubwa, na picha alipigwa pamoja nao. Alipolala hospitali, jibu alilopata ni kwamba mpira si kazi. Wenzake walichanga, kila mtu alichoweza, nao mchango ukaisha kabla mguu haujapona. Leo anachechemea, na wale waliomshangilia bado wanasimulia bao lake.

Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini yasema juu ya ajali inayotokana na kazi na kutokea katika kazi. Je, mchezo wa Jumamosi ni kazi? Hapo ndipo ugomvi huanza, na mwenye mguu uliovunjika hana nguvu za kugombana. Dawa yake ni kuandikiana kabla ya filimbi kupigwa.

Kwa hiyo twayaomba matawi yote yajadili mambo haya katika mkutano ujao. Kwanza, mwanachama asivae jezi ya mwajiri mpaka pawe na barua inayosema nani atalipa matibabu na mshahara akiumia. Pili, kila mwanachama, mchezaji na asiye mchezaji, aulizie hesabu ya akiba yake ya uzeeni mwaka huu, aone kama yale yanayokatwa kwake yanafika. Usingoje siku ya kustaafu ndipo uulize. Tatu, kila tawi liandike majina ya wastaafu wake walio wagonjwa, na kuchagua watu wa kuwatembelea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima awepo mtu wa kushika kibaba.

Yule mzee gadi alikuja mjini kwa ajili ya karatasi zake. Ilikuwa safari yake ya tatu. Sisi tulimpa chai, tukafurahia hadithi zake, tukarudi kazini kengele ilipolia. Ilikuwa jioni tulipokumbuka kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama amezipata. Kesho yake katibu wa tawi alimtafuta, na sasa shauri lake linashughulikiwa.

Sisi wenyewe tumejifunza kwa aibu hiyo. Tuendelee kuwasimulia watoto wetu habari za Kadenge, lakini tusisahau kuuliza.