Kando ya Ziwa Nzilo: wageni wakuye, lakini udongo ubakie wetu



Mwezi uliopita tulifika kwa koperative moja kando ya Ziwa Nzilo, kuangalia mahindi ya depo na kuongea juu ya mbegu. Juu ya mbegu tuliongea kidogo tu. Wamemba walitutolea karatasi moja: bwana mumoja wa muji anataka kukamata kipande chote cha kando ya maji, pale mitumbwi inafikia. Anataka kujenga nyumba za kulala, baa, na muziki ya siku ya posho na siku ya Mungu. Anatoa makuta mara moja, mukononi. Vijana wanataka kusaini. Mama wenye kuuzisha samaki hawataki. Wakatuuliza: ninyi waagronome, munasema nini?

Tunajua wengine watasema hii haiko kazi ya agronome. Lakini udongo ukienda, mbegu utaipanda wapi? Basi tunasema mawazo yetu, na mutu asiyekubali atuandikie.

Kwanza, tuache kusema Kolwezi haina watalii. Tukisikia neno utalii, tunawaza paka muzungu mwenye kamera anatafuta simba. Angalieni barabara mwisho wa juma: magari inatoka muji, wakubwa wa kampuni za mine, Wachina, Wahindi, watu wa mashirika, na zaidi Wakongomani wenyewe, fundi na bibi yake na watoto nyuma. Wamechoka na vumbi. Wanatafuta maji, hewa, samaki ya kuchoma. Lile ziwa lenyewe liko kazi ya mikono ya watu: Union Minière ilifunga Lualaba kwa barrage ya Nzilo miaka ya 1950 juu ya kupata umeme wa mine. Mine ikapata umeme, na sisi tukapata samaki. Sasa wageni nao wanaanza kufika. Swali ni hili: wakifika, nani anakula?

Huko Zanzibar wameona jibu moja. Hoteli kubwa zilijipanga pwani, na mengi ya yale mugeni anakula mezani, mboga, nyama, hata matunda, inatoka bara ao ngambo. Mukulima wa kijiji cha jirani anaona magari ya wageni inapita tu. Huo njo utalii wa watu wengi mara moja: pahali panajaa, maji inapungua, takataka inabakia, makuta inarudi kule ilitoka. Sisi watu wa Lualaba hatuhitaji kufundishwa hesabu hii. Tumeiona na shaba.

Lakini Zanzibar hiyo hiyo iko na Jozani. Ni musitu, park tangu 2004, mwenye kima punju, nyani mwekundu asiyepatikana pengine duniani isipokuwa Zanzibar. Wale kima walikuwa wanakula mazao ya wakulima wa kando, na wakulima waliwachukia. Kilichobadilisha mambo ni kwamba sehemu ya makuta ya kuingia ilianza kurudi kwa vijiji, na kulipa mazao yenye kuharibiwa. Uganda vilevile: asilimia 20 ya makuta ya kuingia katika park inapashwa kurudi kwa wenyeji wa kandokando, na juu ya kila tiketi ya kuona gorila wanaongeza dola 10 za vijiji. Dola 10 ni kidogo, tunakubali. Ila iko imeandikwa, na mutu anaweza kuidai.

Njo maana tunaiambia ile koperative: musiuze. Na si juu ya kuchukia bwana wa muji. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Leta, na sisi wa kijiji tunaushika kwa desturi tu. Yule bwana akipata sertifika ya kuandikishwa kwa jina lake, kesho yake ni ninyi munaitwa wageni. Mutalipa juu ya kuteremusha mutumbwi pale babu yenu alikuwa anateremushia. Makuta ya mukononi itakuwa imeisha zamani, kwa moto mbili tatu na sikukuu moja.

Kuna karatasi ingine, na wachache wanaijua. Kwa amri ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014, Leta imekubali kijiji kiombe musitu wake wa desturi kama musitu wa jamaa, hata kufika hektari 50.000, bila kulipia ile haki, na bila mwisho wa muda. Kazi yake ni ndefu: kuchora karta, kuita majirani, kuandika mupango, kungojea gavana. Hatuwadanganye, inaweza kuchosha. Lakini mukiwa na ile karatasi, mugeni mwenye makuta anakuya kukodi kwenu, hakuyi kuwafukuza.

Na sasa tufike kwa jambo lenye tunajua vizuri, musimu. Mvua yetu inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, inakatika mwezi wa ine. Wageni wanapenda kiangazi, mwezi wa tano mupaka wa tisa, wakati barabara iko kavu na shamba limekwisha kuvunwa. Mikono iko, kazi haiko. Hapo kijana anakamata chepeo anaenda kuchimba. Kazi ya wageni inaingia sawasawa katika ile nafasi, bila kuiba siku hata moja ya kupalilia. Ila kiangazi ni wakati wa moto pia. Anayetaka wageni apashwe kukata njia za moto mwezi wa tano, udongo ungali na unyevu, kwani hakuna mutu atalipa juu ya kutembea ndani ya majivu.

Mti wa miombo ukikatwa kwa makala, unaleta makuta mara moja. Ukisimama, nyuki wanaufanyia kazi kila mwaka, chini yake bowa inaota na mvua za kwanza, na masuku inaanguka watoto wanaokota. Mutu wa muji atanunua asali yenu kwa bei nzuri kama ameona muzinga kwa macho yake. Atakula bukari na sombe na samaki, atakunywa munkoyo, ataomba kupelekwa kwa mutumbwi. Na vile vilima vya shaba ambavyo mine haijavimeza, viko na maua yenye kuota juu ya udongo wa shaba na kobalti tu. Mababu waliijua ile alama, nasi tuliisoma kwa shule miaka mingi baadaye. Kijana mwenye kujua kuonyesha ua lile na kueleza, huyo ni mwongozaji.

Lakini musikate mihindi juu ya kupanda hoteli. Huko Virunga, mwezi wa tano 2018, mulinzi mumoja aliuawa na wageni wawili wakakamatwa. Park ikafungwa kwa wageni mupaka mwezi wa pili 2019, na mwezi wa tatu 2020 ikafungwa tena juu ya korona. Mutu aliyeweka chakula cha watoto wake chote kwa wageni alilala njaa. Hata Upemba yetu, park tangu 1939, pahali pa mwisho katika Kongo penye punda milia, wageni hawajajaa mule. Shamba libakie mama. Mugeni ni nyongeza ya chumvi.

Neno moja tena, na ni zito. Wote tunajua mito yenye kushuka karibu na mine inavyobadilika rangi. Mugeni atauliza kama samaki ya ziwa ni salama, na koperative itapashwa kuwa na jibu la maabara, si jibu la mudomo. Sisi tunaona hii ni faida. Mukulima akilalamika peke yake juu ya maji, karatasi yake inalala ofisini. Siku mukubwa wa kampuni mwenyewe atakula samaki ile na watoto wake, naye atataka kujua maji inatoka wapi.

Ile koperative imepanga mukutano mukubwa mbele ya mvua. Tumewaomba wamupe bwana wa muji jibu hili: kukodi, si kuuza; muda mufupi; njia ya mitumbwi ibakie wazi; samaki, mboga na asali ya baa inunuliwe kwa wamemba kwanza; na mama wauzaji wawe watatu kati ya wale wenye kusaini. Vijana bado wanaguna. Bwana naye hajarudi. Sisi tutaenda na mufano wa mukataba, na tutaleta mbegu za mahindi siku ileile, juu mara ile ingine hatukumaliza kuongea juu yake.