Mtu mzima apewe cheti chake cha hesabu na Kiingereza kabla mlango wa KCSE haujafungwa

Matokeo ya KCSE ya mwaka 2024 yalipotoka Januari 2025, mimi nilikuwa na miaka 43 na nilikuwa nimejifungia chumbani na simu mkononi kama msichana wa Fomu Foo. Kiswahili C+. Kiingereza C-. Hisabati D+. Elimu ya dini ya Kiislamu D+. Jiografia D-. Biolojia E. Kemia E. Nilizijumlisha pointi mwenyewe kabla ya kutazama gredi ya mwisho: 24. Kwa utaratibu wa KCSE wa masomo saba, pointi 24 ni D. D+ inaanzia 25.

Nilikosa pointi moja, na pointi hiyo ilipotelea kwenye kemia.

Naieleza habari hii hadharani, ingawa aibu ninayo, kwa sababu jambo hili si langu peke yangu, na kwa sababu wakati unatupita.

Mimi nilitoka skuli kidato cha pili hakijaisha, nikaolewa. Baadaye niliingia kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, na nimekaa huko miaka kumi na mmoja. Wasichana wanaoletwa kwa mafunzo hupitia mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayehesabu shuka zinazokwenda kufuliwa na zinazorudi, ninayepima dawa ya kusafishia na kuchanganya na maji, ninayeandika ripoti mgeni akilalamika kwamba kitu chake kimepotea. Nafasi ya msimamizi ilipotangazwa, tangazo lilitaka KCSE, D+ au zaidi. Aliyeipata ni binti niliyemfundisha mimi kutandika kitanda. Ni mtoto mwenye adabu, akaniambia kwa upole, "Mama, tutafanyaje, karatasi ndiyo inayotakwa." Sikuwa na la kumjibu. Nikajiandikisha masomo ya jioni.

Darasani tulikuwa tisa. Alikuwapo mvuvi mmoja wa Likoni, askari wa usiku, na kina mama watatu wenye wajukuu. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kuzaa, akituita "mama" na "mzee" nasi tukimwita "mwalimu". Mwaka mzima tukasoma matriki, logi na vekta. Mimi nikakariri elementi za kemia usiku wa manane ili niruhusiwe kusimamia wafua shuka.

Hapa ndipo penye swali langu. Mwajiri aliyeweka sharti la D+ alitaka kujua nini hasa? Nadhani alitaka kujua kama mtu huyu anaweza kuhesabu bila kukosea, kusoma maagizo akayaelewa, na kuandika ripoti inayosomeka. Basi. Lakini nchi yetu haina karatasi moja inayosema hayo tu. Ina KCSE, ambayo ni mzigo wa masomo saba uliofungwa kamba moja. Ukidondosha kemia, umedondosha na Kiingereza chako.

Tusisahau kwamba watu wetu hesabu wanazijua. Mmoja wa wale kina mama watatu, somo la sehemu lilimtoa jasho ubaoni. Siku moja mwalimu akamwachia swali la mirathi. Mtu amekufa, wazazi wake hawako, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Baada ya deni na wasia imebaki shilingi 2,400,000. Yule mama hakushika hata kalamu. Mke thumuni, yaani moja ya nane, ni 300,000. Zinabaki 2,100,000. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, jumla mafungu saba. Kila fungu 300,000. Wavulana 600,000 kila mmoja, wasichana 300,000 kila mmoja. Kimya kikatanda darasani. Mwanamke huyo anajua nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi tangu chuoni, na amezitumia kwenye misiba ya kweli. Lakini kwa serikali na kwa mwajiri, hana hesabu.

Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Mtihani wa KCSE una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza, yenye alama 60, ni ya kuandika barua, ripoti na matangazo, na ya mazungumzo. Hiyo nilikaa nayo vizuri, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ya tatu inataka insha juu ya riwaya na tamthilia zilizowekwa. Sisemi fasihi haina faida. Nasema binti wa Kisauni anayekwenda Saudia akatia sahihi mkataba ulioandikwa Kiingereza, kinachomwokoa ni kuuelewa mkataba ule: saa za kazi, mshahara, nani anashika pasi yake. Na mama anayepewa chupa ya dawa ya mtoto anahitaji kujua "mara tatu kwa siku" imeandikwaje.

Wapo watakaosema mtu mzima akitaka kusoma njia zipo. Ni kweli, kwa kiasi. Mwaka 1979 serikali ya Moi ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga, na masomo ya ngumbaru yakafika mpaka vijijini kwetu. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na dunia nzima ikampigia makofi. Lakini tujiulize kwa nini mzee yule ilimbidi akae deski moja na watoto wadogo. Na kampeni zote zile hazikumaliza kazi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima nchini, takriban milioni 7.8, hawajui kusoma na kuandika kwa kiwango cha kutosha. Ngumbaru inamfikisha mtu kwenye kusoma na kuandika. KCSE iko mbali huko juu. Katikati pana shimo, na wengi wetu ndimo tulimo.

Kwa kazi za mikono, serikali imeshaelewa. Fundi aliyejifunza umeme au useremala bila kukaa chuoni anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanza gredi ya tatu mpaka ya kwanza. Na siku hizi upo mpango wa KNQA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Nashukuru. Ila ukitaka kupanda, chuo cha kiufundi hudai D ya KCSE kwa kozi ya cheti na C- kwa diploma, na hapo unarudishwa kwenye yale masomo saba.

Wenzetu wengine wamejaribu njia tofauti. Nina binamu yangu aliyehamia Uingereza, anahudumia wazee. Hakuwa na cheti cha skuli cha huko. Alifanya mitihani inayoitwa Functional Skills, hesabu peke yake na Kiingereza peke yake, kila kimoja na cheti chake. Ngazi ni tano: tatu za kuanzia, kisha ya kwanza na ya pili, na unaanza pale ulipo wewe. Hesabu zake ni za bei, vipimo, ratiba na asilimia, sehemu moja kwa kikokotoo na nyingine bila. Kiingereza ni kusoma, kuandika, na kuzungumza na kusikiliza. Mtu mzima wa England asiye na kiwango cha skuli hugharimiwa na serikali. Binamu yangu alifeli hesabu mara ya kwanza, akarudia hesabu tu. Kiingereza chake hakikuguswa.

Sisemi huko ni peponi. Mwaka 2025 serikali yao iliwaondolea wanagenzi wenye miaka 19 na zaidi ulazima wa kufaulu mitihani hiyo ndipo wamalize mafunzo, baada ya kuonekana kwamba hata mtihani mdogo unaweza kumzuia fundi mzuri. Hilo ni funzo kwetu pia: cheti kisigeuzwe kizuizi kipya. Lakini msingi wake ni sawa. Kipime kile ambacho kazi inakihitaji, na aliyefaulu kimoja asinyang'anywe kwa sababu ya kingine.

Tena wazo hili si geni hata hapa kwetu. Mwaka 2025, baada ya wazazi na walimu kulalamika, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, lakini kwa namna mbili: moja kwa walio katika mkondo wa sayansi na teknolojia, na nyingine nyepesi, ya matumizi ya kawaida, kwa wa mikondo mingine. Maana yake serikali imekubali kwamba si kila Mkenya anahitaji hesabu zile zile. Imekubali kwa mtoto wa miaka kumi na tano. Kwa mama yake je?

Nimesema wakati unatupita. KCPE ya mwisho kwa wanafunzi wa skuli ilifanywa 2023. Watoto wale waliingia kidato cha kwanza 2024, na ndio darasa la mwisho la 8-4-4. Watafanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao wanakuja wa mtaala mpya, na walimu, vitabu na maabara vitawafuata hao. Mtu mzima aliyeachia njiani, kama mimi, atafanya mtihani gani, na nani atamfundisha? Swali hili sijalisikia likiulizwa kwenye mabaraza yetu. Tunapigania basari za watoto, na ni haki, lakini mzazi hatajwi.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwanza, Wizara na KNEC watangaze mapema na kwa lugha nyepesi njia ya mtu mzima baada ya 2027, wala wasingoje mwaka huo ufike. Pili, katika njia hiyo kiwepo cheti cha hesabu za matumizi na cha Kiingereza cha kazi, kila kimoja kisimame peke yake, na vyuo vya kiufundi vikikubali. Tatu, kaunti zetu za Pwani, ambazo nazo ni waajiri, zianze kwao wenyewe. Kama kazi ni ya kuhesabu na kuandika ripoti, tangazo liseme hivyo, na mwombaji apimwe kwa hayo.

Na kwako wewe unayesoma hapa na umewahi kuachia njiani: usingoje maombi yangu yajibiwe. Usajili wa watahiniwa wa binafsi hufanywa mapema mwaka, na ada serikali haikulipii, unajilipia. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kituo kiko wapi. Chagua sayansi zako kwa makini kuliko nilivyochagua mimi. Tafuta wenzako wawili watatu, maana peke yako utachoka.

Mimi narudia. Kati ya wale tisa tumebaki wanne, na mvuvi wa Likoni ni mmoja wao. Yule mama wa mirathi hatarudi. Ameniambia wajukuu wamezidi na macho yamechoka. Nilimwomba anifundishe sehemu, na sasa kila Alhamisi baada ya magharibi nakwenda kwake na daftari.