Tulijue Gitaa Kabla ya Kulitengeneza

Tangu kikundi chetu hapa Mususa kilipokabidhiwa gitaa la umeme la zamani, mazungumzo yanayofuata mazoezi yamekuwa marefu kuliko mazoezi yenyewe. Wapo wanaotaka liuzwe, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kutaja bei, na fedha zake ziingie katika mfuko wa kununua kinanda. Wapo wanaotaka libaki, lakini lipakwe rangi mpya na libadilishwe kila kilichoshika kutu, ili siku ya sikukuu lionekane kama limetoka dukani. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko upande wa tatu, wenye watu wachache. Tunaona kwamba gitaa hilo lisiuzwe wala lisipakwe rangi, na kwamba kazi ya kwanza tunayodaiwa nalo ni kulijua.

Tuseme wazi kwamba sokoni halina thamani kubwa. Limetengenezwa Japani, na jina la kiwanda lililokuwa juu ya kichwa chake limefutika. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilipeleka magitaa ya bei nafuu katika nchi nyingi, mara nyingi gitaa la aina moja likibandikwa majina tofauti kulingana na mfanyabiashara aliyeliagiza. Wakusanyaji wenye fedha hutafuta Fender na Gibson za Marekani za miaka ya 1950. La namna yetu hawalikimbilii. Thamani yake inatoka kwingine. Lililetwa na familia iliyohama upande wa Beni kwa sababu ya vita. Baba mwenye gitaa alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe walilibeba pamoja na godoro na sufuria. Mtu anayekimbia huchagua, maana mikono ni miwili tu. Walipotukabidhi hawakudai fedha. Waliomba lipigwe, lisitundikwe ukutani.

Kulijua gitaa la umeme huanza bila umeme. Mwili wake ni mbao nzito isiyo na uwazi ndani, hivyo sauti yake ya asili ni ndogo kama ya mtu anayenong'ona, na katika unong'ono huo ndimo kasoro na uzima wake husikika vizuri. Tulikaa nalo jioni kadhaa, tukibonyeza uzi mmoja mmoja kwenye kila kichuma kilichopachikwa shingoni, tukiandika penye sauti safi na penye kukwaruza. Hapo tuliona jambo ambalo rangi mpya ingetuzuia kuliona. Vichuma vya karibu na kichwa, ambako wanafunzi wote huanzia, havijalika sana. Vilivyolika ni vile vya katikati, kuanzia cha saba hadi cha kumi na mbili, na zaidi upande wa nyuzi nyembamba. Mkono wa yule baba ulikuwa ukikaa hapo miaka na miaka.

Kisha kuna uzi wa nne. Gitaa lina nyuzi sita, nazo huongezeka unene kuanzia uzi wa kwanza, mi nyembamba, hadi wa sita, mi nene. Wa nne, yaani re, kwa kawaida huwa mnene na huzungushiwa waya mwembamba juu yake. Kwenye gitaa letu uzi wa nne ni mwembamba sawa na wa kwanza. Tena kile kipande cha mfupa kilichoko mwisho wa shingo, chenye vijia ambamo nyuzi hupita kabla ya kufungwa vigingini, kimezibwa kidogo katika kijia cha nne, ili uzi huo mwembamba usicheze ndani yake. Mtu aliyejifunza kwa kitabu cha Ulaya atasema fundi amekosea, ataung'oa na kuweka mwingine. Aliyewahi kukaa karibu na wapigaji wa Kongo atatabasamu. Huo ndio mtindo uitwao mi-composé: uzi wa nne mnene huondolewa, na mwembamba huwekwa mahali pake, ukipandishwa oktava moja juu ya kawaida. Sauti inayotoka inameta, nayo humfaa hasa mpigaji wa mi-solo, yule anayekaa kati ya solo na gitaa la kusindikiza, akisuka na wote wawili.

Basi tazameni. Hakuna aliyetuambia yule baba alikuwa akipiga sehemu gani katika bendi yake. Uzi mmoja, kipande cha mfupa na vichuma vilivyolika vinaonyesha kwamba yamkini alikuwa mpiga mi-solo. Wenzetu wanaotaka kulifanya jipya wana nia njema, lakini wangeanza kwa kuondoa vitu hivyo vitatu.

Si kila kitu cha zamani ndani yake ni hekima, la hasha! Kutu ni kutu. Gitaa limepanda kutoka Beni, kwenye joto, hadi Butembo, juu zaidi na penye baridi, na mbao huhisi safari kuliko tunavyodhani. Shingo imepinda kidogo na nyuzi zimeinuka. Ndani ya shingo mna ufito wa chuma unaokazwa kwa ufunguo mdogo. Nao hukazwa robo ya mzunguko tu, kisha gitaa huachwa hadi kesho yake kabla ya kugusa tena. Anayefanya haraka huvunja ufito huo, na shingo ikiharibika ndani hakuna rangi ya kuificha.

Tulipolifungua mgongoni, tukiwa na fundi redio, tulikuta zile sumaku ndogo sita zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Hiki ndicho wapigaji wetu hukiita mikro. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, hutikisa uga wake, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo katika waya, umeme ambao ampli huukuza ukawa sauti. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki hapo hata ukizipiga siku nzima. Wazo hili lilifanyiwa kazi California mwanzoni mwa miaka ya 1930 na George Beauchamp pamoja na Adolph Rickenbacker, na mpaka leo msingi wake haujabadilika. Mikro ya namna yetu, yenye koili moja, hunasa pia mvumo wa nyaya za umeme zilizo karibu. Ukisikia unguruma, geuka kidogo upande mwingine nao hupungua. Huo si ugonjwa wa gitaa. Ile sauti ya kukwaruza unapozungusha kitufe ni jambo jingine: ni vumbi la miaka mingi, na linasafishika.

Ampli, hata hivyo, ndiyo inayotutia hofu, na hapa tunawasihi wadogo zetu wasifanye mchezo. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa, kupitia daraja lake, na waya wa ardhi wa ampli. Ampli ya zamani yenye plagi ya miguu miwili, ikichomekwa kwenye jenereta isiyo na waya wa ardhi, yaweza kupeleka umeme katika nyuzi zenyewe. Na mpigaji mwenye mkono juu ya nyuzi akisogeza midomo kwenye maikrofoni ya mtambo mwingine, mwili wake huwa ndio njia. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Uskoti, Leslie Harvey, alikufa jukwaani mjini Swansea, huko Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi. Ampli za balbu, tena, huhifadhi mamia ya volti ndani yake hata baada ya kuzimwa, hivyo asizifungue asiyejua. Kabla ya gitaa letu kupigwa mbele ya watu, fundi na apime kwa kipimo chake, plagi iwekwe mguu wa tatu, na mtu asipige akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Tukikosa fedha za haya, tusubiri. Tunapendelea misa isiyo na gitaa kuliko mazishi yenye gitaa.

Sasa kuhusu kinanda. Wanaokitaka wana hoja, na hatutaki kuipuuza. Kinanda humwezesha mtu mmoja kutoa ngoma, besi na sauti za juu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa miezi michache tayari husikika vizuri. Na katika mji ambamo wengi wetu bado tunategemea jenereta na paneli za jua, kutumia kifaa kimoja badala ya vinne ni akiba ya kweli. Lakini angalieni kinachotokea katika kwaya nyingi zilizofanya hivyo. Kijana mmoja hupiga, midundo iliyokwisha kutengenezwa kiwandani hucheza yenyewe, na wengine kumi waliokuwa wakijifunza ala hurudi kukaa kwenye benchi. Tuna vijana waliohamia kwetu kutoka Beni na Lubero wasiojua mtu mjini, na wengi wao tuliwajua kwanza kwa sababu walikuja kuuliza kama wanaweza kushika kitu mikononi.

Gitaa letu halikutengenezwa ili lipigwe peke yake. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alipofika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kufanya kazi katika studio ya CEFA, alikuja na gitaa la umeme, na wapigaji wa mji ule wakalitwaa wakalifanya lao. Franco Luambo, mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, utotoni alikuwa amejifunza kwa gitaa la kujitengenezea lenye nyuzi za waya wa umeme. Nicolas Kasanda, tunayemwita Docteur Nico, alipiga solo katika African Jazz ya Joseph Kabasele, na kaka yake Charles Mwamba, aliyejulikana kama Dechaud, alimsindikiza. Watu wengi wanamtaja Nico; wachache wanamtaja Dechaud. Lakini jaribuni kusikiliza solo ile huku masikio yenu yakimfuata kaka mtu, mtaona kwamba mdogo huruka kwa sababu kuna aliyeshika ardhi. Baadaye bendi zetu ziliongeza mi-solo katikati, na besi chini, hata magitaa manne yakawa yanazungumza bila kukatizana. Rumba hiyo ndiyo UNESCO iliyoiandika mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili.

Wala jambo hilo si geni kwa wazee wetu wasiojua gitaa. Endara, ile marimba ya Wanande na ya ndugu zetu Wakonjo wa ng'ambo ya Ruwenzori, hulazwa juu ya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake ndogo ambayo peke yake haina maana. Aliyezoea endara hahitaji kufundishwa mi-solo ni nini. Anahitaji tu kuonyeshwa vidole viwekwe wapi.

Wengine hutuuliza kama gitaa la baa lina nafasi kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilijibu swali hilo katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya mwaka 1963: kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, na ala nyingine zaweza kukubaliwa iwapo zinafaa au zaweza kufanywa zifae kwa matumizi matakatifu, zinalingana na hadhi ya hekalu na kuwajenga waamini kweli. Swali basi linahusu namna ya kupiga. Ampli ikifunika sauti za waimbaji, gitaa halifai, hata kama lingebarikiwa mara saba. Ikisindikiza Zaburi kwa upole, linafaa. Na kwa kuwa mi-solo kwa asili yake ni kuacha nafasi kwa wengine, tunadhani yule baba alikuwa tayari nusu ya njia.

Hivyo tunapendekeza haya kwa mkutano wa kikundi. Mwili usiguswe na rangi yoyote. Nyuzi zibadilishwe, maana za sasa zimeoza, lakini uzi wa nne mpya uwe mwembamba kama ulivyokuwa, na kipande cha mfupa kisitolewe. Vitufe visafishwe, visibadilishwe. Fedha chache zilizoko mfukoni zitumike kwanza kwa waya wa ardhi, kisha kwa gitaa la pili, la kawaida kabisa, la kusindikiza, kinanda kingoje. Aalikwe mzee mmoja mwenye kujua mi-composé aje Jumamosi, na wale walioleta gitaa waalikwe pamoja naye, kwa sababu watoto wa nyumba ile huenda wanakumbuka nyimbo ambazo sisi hatuwezi kuzisoma kwenye vichuma.

Mnunuzi anataka jibu kabla ya Jumapili. Sisi tutapiga kura ya kumkatalia, na tumekwisha kumwomba fundi redio atupe bei ya plagi.