Herufi za Kuazima

Wapo wasemao kwamba herufi ni herufi tu. Madhali neno lasomeka, umbo si hoja. Kauli hii ni ya uvivu. Herufi ni vazi la neno, na hakuna aendaye mazikoni na nguo za ngoma asitazamwe.

Na itazamwe fonti moja, iitwayo Neuland. Ni herufi nene, za kuchezacheza, kana kwamba zimechongwa kwa shoka. Aliitengeneza Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, kwa kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor mjini Offenbach. Hakuichora kwanza karatasini. Aliichonga moja kwa moja katika chuma. Jina lake maana yake ni “ardhi mpya”. Ni kazi ya fundi, wala kosa si lake. Kosa ni la wachapaji wa Ulaya na Marekani walioiona ina sura ya porini, wakaivisha majalada ya vitabu vinavyohusu Afrika na matangazo ya safari za kutazama wanyama. Mwaka 1993 umbo hilohilo likaandikia jina la filamu ya Jurassic Park. Basi Mwafrika na mijusi wakubwa wa kale wakashonewa kanzu moja!

Mgeni kufanya hivyo si ajabu. Ajabu ni mwenyeji kuipokea sura hiyo na kuiita yake.

Na wapi ajabu hiyo ingeuma zaidi kuliko Songea? Mji huo una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, kama walivyonyongwa makumi ya wapiganaji wenzake wa Vita vya Maji Maji. Atakayeandika majina yao kwa herufi hizo za mchezo zilizochongwa Ujerumani, eti ndizo za Kiafrika, atakuwa amewanyonga mara ya pili, safari hii kwa wino.

Wala Ruvuma haikukosa mikono. Tunduru ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, hata mtindo wake ukaitwa kwa jina lake. Na fundi wa mabango wa Songea, aandikapo “Kinyozi” au “Mgahawa” kwa brashi, herufi zake hunenepa na kupinda kwa kadiri ya ubao alionao. Hizo nazo zacheza, ila zacheza kwao. Na mcheza kwao hutuzwa.

Leo kompyuta na turubai za plastiki zinamnyang'anya fundi huyo riziki. Wajuao kompyuta na waketi naye, wamlipe haki yake, wazigeuze herufi zake kuwa fonti. Zipambe maduka, ngoma na vitabu vya watoto. Makaburini ziachwe herufi tulivu, zijuazo kunyamaza. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, sembuse msiba.