Na kichocho cha huku pwani je?
Ndugu mwandishi, katika makala yako ya chanjo za kichocho umeruka jambo moja. Kichocho chetu huku Bagamoyo ni kile cha kibofu, cha mtoto kutoa damu mwishoni mwa mkojo, na wapo wazee ambao bado wanasema eti anabalehe! Chanjo ya Bilhvax, iliyolenga minyoo wa kichocho hiki hiki, ilijaribiwa kwa watoto wa Senegali, na matokeo yaliyotoka 2018 hayakuridhisha. Hizi chanjo za sasa, Sm-p80 na Sm14, zimetokana na minyoo ya kichocho cha tumbo. Zitatufaa?

Kwa sasa tunategemea dawa: shuleni watoto hupimwa urefu kwa fimbo ndipo wahesabiwe vidonge vya prazikwanteli. Vinaua minyoo waliokomaa, sawa, lakini mtoto akirudi kwenye maji ya majaruba ya Ruvu anaambukizwa upya. Ndiyo maana tunahitaji chanjo.

Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la hapa Bagamoyo, ilishiriki kuzipima chanjo za malaria, RTS,S na R21, na zote WHO imezipendekeza. Wataalamu wapo, wazazi wamezoea utafiti (maswali wanauliza, na ni haki yao). Wenye chanjo za kichocho waje wazijaribu na huku.